Maharage Juu ya Ramani

Ramani ilitoka halmashauri imekunjwa mara nne.
Tukaitandaza juu ya madawati ya darasa la tatu
tukaibana kwa mawe, kila pembe jiwe lake.
Mawe, sisi wa Mabatini hatuazimi.

Mpangaji miji, kijana Kamugisha, viatu bado vyeupe,
akasema: hapa ndipo mlipo.
Holo muuza dagaa akainama, akatafuta.
"Mlima uko wapi?"
Kwenye karatasi tulikuwa tumelala chali,
nyumba zetu tambarare kama chapati,
hakuna ngazi mia moja na kumi na mbili,
hakuna lile jabali juu ya bati la kina Lubango
linalosubiri masika.

Pini hazikutosha. Nikatumwa dukani, mimi karani,
nikarudi na nusu kilo ya maharage mekundu.
"Kila mtu aweke punje pale anapoogopa."
Tukacheka kwanza.
Mtu mzima ataonyeshaje hofu yake
mbele ya balozi na mashemeji?

Holo akaanza. Saa kumi alfajiri hushuka kwenda Mwaloni,
beseni kichwani, mkono mmoja simu ya tochi.
Akaweka punje pale taa ya mwisho inapomwacha.
"Hapa ndipo ninapoanza kuimba za kanisani,
na si kwa ibada."

Nyamhanga, asiyeona, akaomba ashikwe kidole.
Kutoka msikitini hatua themanini, kata kushoto,
kivuko cha Mirongo, ubao wa tatu,
umeoza tangu vuli.
Tukauona sote wenye macho, kwa mara ya kwanza.

Wanafunzi wawili wakaweka zao kwenye choo cha shule
wakakimbia bila kueleza.

Kisha Ngusa, ambaye nusu ya darasa
walishamwaga punje kwenye kijiwe chake,
akachukua yake, akaizungusha vidoleni,
akaiweka palepale.
"Nami nikirudi usiku naogopa.
Mkipuliza filimbi hamuulizi ni nani."

Mama mmoja, jina nalijua na silisemi,
punje yake ikasimama juu ya kisanduku cha kijivu.
"Mama, hapo ni nyumba."
"Najua."
"Labda ni njia iliyo pembeni?"
"Nyumba."
Kamugisha akavua miwani.
Nje, mwenye baiskeli ya aiskrimu alipita na kipaza sauti chake,
akapita mpaka akaisha.

Usiku ule niliandika ripoti.
Taa: kumi na moja. Kivuko: kimoja. Vyuma vya kushikia kwenye ngazi: mita mia mbili.
Fomu ina safu ya miundombinu, safu ya gharama,
na safu ya mengineyo,
upana wake kidole gumba.

Mwaka umepita. Taa zimekuja nne, moja inapepesa.
Choo kina komeo, kwa ndani.
Ubao umebadilishwa, na Nyamhanga analalamika
kwamba unalia kwa sauti ngeni, imembidi aanze kuuzoea.
Ngusa amepewa filimbi na zamu ya Jumanne.
Jabali bado linasubiri.

Na ile nyumba?
Halmashauri haikuijibu. Holo ndiye aliyebadili njia,
ngazi ishirini zaidi, na mzigo kichwani.
Akifika anagonga ukuta mara mbili.
Ndani kijiko kinajibu kwenye sufuria, mara mbili.
Siku kisipojibu
haendi Mwaloni. Anatua beseni, anaita majirani kwa majina,
na majirani, siku hizi, wanatoka.

Maharage tuliyapika jioni ileile,
tukala hofu ya mtaa mzima kwa wali, chumvi ikazidi.
Moja sikulitia chunguni.
Liko kwenye pochi yangu, kati ya sarafu.
Nikimlipa bodaboda gizani,
vidole hulikuta kwanza.